Ganzi ya Jino na Saumu

Kila Ramadhani tunawaona waumini wakivumilia gego la juu lililooza, wakihofu kuwa sindano ya ganzi itabatilisha saumu yao. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilikwisha kupitisha kuwa kung'oa jino na sindano za tiba zisizo za lishe havifunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Basi na ateme damu, asiimeze.

Taya la juu lina mfupa mwepesi, ganzi huupenya upesi. Lakini mizizi ya magego yake imepakana na uwazi ulio chini ya jicho. Usaha ukiingia humo, huenda ikalazimu upasuaji. Aliyevimba uso na kushikwa na homa asingoje magharibi. Akilazimika kula, siku hiyo atailipa.