Mita 60 kutoka wapi?

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kinatosha nyumba ya vyumba vitatu, karo la choo na mahali pa kuanikia nguo. Kando ya Ziwa Victoria kiwanja hichohicho huenda kisiruhusiwe hata msingi. Vipange vitatu, kimoja nyuma ya kingine kuanzia ukingoni, utapata mita 60 kamili, na ndani ya mita hizo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu. Wa mbele amekosa, wa kati amekosa, wa nyuma pia amekosa.

Sababu za katazo hazina ubishi mkubwa. Mafunjo na matete huchuja uchafu unaoteremka mlimani, na sato huzaliana kwenye maji ya kina kifupi. Mwanza hunywa maji ya ziwa hilohilo ambalo makaro ya ukingoni yanavujia. Sijawahi kumsikia mkazi akidai kwamba ziwa lisilindwe. Wanachogombania ni futi ianzie wapi.

Maana ziwa halitulii. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilikauka kiasi kwamba watu walilima mahali palipokuwa na maji, na mashamba, kama kawaida yake, yakageuka viwanja. Mei 2020 maji yalirudi na kuipita rekodi ya 1964. Penye mteremko mdogo, ambapo kila mita 50 za kutembea zinakushusha mita moja tu, kina kikiongezeka mita moja ukingo unasogea mita 50 kuelekea sebuleni. Aliyenunua wakati wa ukame akiwa mbali na maji anaweza kuamka yumo ndani ya katazo bila kuongeza hata tofali.

Majirani waliliona hilo. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 ziliweka mita 200 kwa maziwa makubwa, zikahesabu kuanzia alama ya chini ya maji. Kenya, katika kanuni zake za 2007, ilianzia kwenye kina cha juu kabisa kilichowahi kurekodiwa, na umbali wa mlalo ukawa mita 30. Ziwa moja, vipimo vitatu. Bora kipi, wataalamu wabishane. Mimi naona walau kwa hao wawili mnunuzi anajua mahali pa kusimama anapoanza kuhesabu.

Mwenye ekari tatu hana shida sana na haya yote. Nyumba anaiweka nyuma, mbele anapanda nyasi, na mandhari inabaki yake. Mwenye ishirini kwa ishirini hana nyuma. Mara nyingi alinunua kwa mwenyeji, karatasi ya mauziano ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, akavuta umeme, na tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye mita ya umeme ya LUKU. Siku nyumba inapopigwa X nyekundu ya kubomolewa, mita inaendelea kukata.

Ugomvi wa viwanja vidogo vya ufukweni umewahi kufika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Ndugu wanne wa Wisconsin walikuwa na viwanja viwili vinavyopakana, mahali Mto St. Croix unapotanuka kuwa ziwa. Kanuni ilitaka ekari moja inayofaa kujengwa, na hakuna kati ya viwili kilichoifikisha. Viwanja vilivyokuwa na mmiliki wake tangu Januari 1, 1976 vilisamehewa, ila si vinavyopakana vikiwa mkononi mwa mtu mmoja. Wazazi walikuwa wamenunua kimoja 1960 wakakiandikisha kwa jina la kampuni yao ya mabomba, kingine 1963 kwa majina yao. Walipowapa watoto vyote, mwaka 1994 na 1995, msamaha ukayeyuka. Watoto walitaka kuuza kimoja ili waboreshe nyumba iliyo kwenye kingine. Juni 23, 2017 walishindwa, majaji watano kwa watatu. Mahakama iliona kwamba viwanja vikihesabiwa kama kitu kimoja vina thamani ya dola 698,300, dhidi ya 771,000 vikitenganishwa. Hasara haikufika asilimia kumi. Mwaka huohuo bunge la jimbo likabadilisha sheria, na uuzaji ukaruhusiwa.

Kwangu mimi kilicho muhimu katika kesi ile ni ile tarehe ya 1976. Hata mshindwa alijua mstari ulipita wapi na lini. Huku kwetu nyumba ya mwaka 1990 na ya mwaka jana hupigwa X ya rangi moja. Halmashauri zingeanza kwa kuchagua kina kimoja, cha 1964 au cha 2020, zikapanda bikoni ufuko mzima kwa gharama ya serikali, kisha zikawatenga waliojenga kabla ya 2004 ili kila mmoja asikilizwe peke yake. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji wapima ardhi, saruji na ramani iliyobandikwa ofisi ya mtaa, mahali ambapo muhuri wa mauziano hugongwa.