Kifumbu cha Figo

Mwaka jana mdogo wangu wa miaka mitano aliamka uso umemfura, macho hayafunguki vizuri. Majirani hapa Likoni wakamwambia mama, "Mwanao amenona, mashallah!" Bibi akasema ni kijicho. Kufika jioni, miguu nayo imevimba. Mama akavuka naye feri hadi hospitali. Daktari akapima mkojo, akasema figo zavujisha protini.

Tangu siku hiyo nikawa namsumbua mwalimu wa Bayolojia.

Hebu fikiria kifumbu cha nazi: tui lapita, machicha yabaki. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja. Maji na taka hupita, protini za damu hubaki. Kwa siku moja figo zetu huchuja lita 180 hivi, na karibu zote hurudishwa mwilini. (Lau sivyo tungeshinda chooni!) Kila kichujio kimefunikwa na seli zenye vidole, na vidole vya seli moja huingiana na vya jirani yake mfano wa ukili. Baina yao hubaki upenyo mwembamba sana. Unaoushika upenyo huo ni protini iitwayo nefrini. Huchomoza juu ya seli, ikashikana na nefrini ya seli ya pili. Karl Tryggvason na wenzake waliitambulisha mwaka 1998, walipokuwa wakichunguza watoto wa Ufini wanaozaliwa na figo zinazovuja.

Lakini utaonaje figo ikiumbika, nayo imo tumboni mwa mama? Hapo ndipo samaki wanapofaa. Kuna kisamaki chenye milia, asili yake Bara Hindi, ambacho mayai yake ni maangavu. Siku ya pili tu figo ya kiinitete chake huanza kuchuja. Wataalamu walipozuia nefrini isitengenezwe, vidole vya seli havikuumbika sawasawa, protini zikavuja, na kisamaki kikavimba. Kuvimba kule kule! Niliposoma hapo nilimkumbuka mdogo wangu.

Yeye hakuzaliwa bila nefrini. Angeugua tangu uchanga. Ila mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa kama wake, kinga ya mwili yenyewe huishambulia nefrini. Dawa za kutuliza kinga huwasaidia wengi. Mdogo wangu alimeza vidonge wiki nyingi, akapwea.

Hata leo, kila asubuhi mama huchovya kijikaratasi katika mkojo wake. Kikigeuka kijani, wao hao, feri tena.