Kutambua na Kudhibiti Dalili za Ugonjwa wa Utumbo Nyeti katika Mazingira ya Kaniha, Ngara na Biharamulo

Mwaka 1972 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, na wenzake walionyesha kuwa chakula cha wanavijiji wa Afrika, chenye nyuzinyuzi nyingi, hupita tumboni haraka kuliko cha Waingereza. Matokeo hayo yana uzito wake, ila hayamkingi mkulima wa Kaniha na ugonjwa wa utumbo nyeti, yaani maumivu ya tumbo yanayojirudia pamoja na mabadiliko ya choo, ilhali utumbo wenyewe hauna kidonda wala uvimbe.

Vigezo vya Roma IV vya mwaka 2016 vinataka maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, dalili ziwe zimeanza miezi sita nyuma, na maumivu yahusiane na mawili kati ya haya: kujisaidia, kubadilika kwa idadi ya choo, au kubadilika kwa umbo lake. Tatizo ni kwamba kichocho cha tumbo, kilichoenea Kanda ya Ziwa, pamoja na amiba na jiadia, huleta dalili zinazofanana na hizo. Kwa hiyo kipimo cha choo hutangulia. Lakini mgonjwa aliyekwisha kupewa metronidazoli mara nne kwa amiba ambayo hadubini haikuiona, hafai kupewa mara ya tano. Damu kwenye choo, kukonda, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakomwamsha usiku, au dalili kuanza baada ya miaka 50: huyo apewe rufaa.

Mlo uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia, huzuia kwa muda maharage, vitunguu na ngano. Kwa maoni yangu hauwezi kuhamishiwa Kaniha ulivyo, kwani maharage ndiyo kitoweo cha kila siku. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya, na kipimo kipunguzwe. Sehemu ya sukari zinazochachuka utumbo huondoka na maji hayo. Ugali wa mahindi, wali na mihogo havina shida kubwa. Maziwa yaachwe wiki mbili kwa majaribio.

Maumivu yakiendelea, amitriptilini kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, husaidia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2023 ulithibitisha hilo katika huduma za msingi. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba dawa hiyo ya sonona hapa inatuliza neva za utumbo. Akiambiwa na jirani kuwa ni dawa ya akili, ataitupa.