Demo ya Muziki Inavyorekodiwa Thika na Ruiru

Demo ni rekodi ya majaribio ambayo msanii humpelekea promota au mtangazaji kabla wimbo haujagharamiwa kikamilifu. Enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, bendi yenye jina la mlima ulio karibu na Thika, kurekodi kulihitaji bendi nzima kupiga kwa pamoja. Leo chumba kimoja cha ghorofa Ruiru, chenye kompyuta na maikrofoni, kinatosha.

Prodyusa huanza na kasi ya wimbo na ufunguo unaoafiki koo la mwimbaji. Demo nyingi huharibikia hapo: biti tamu iliyo juu mno humfanya mtu apayuke. Hufuata sauti ya mwongozo, kisha sauti kuu, mstari kwa mstari. Mwimbaji husimama kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa maikrofoni, na kichujio cha kitambaa huzuia mshindo wa herufi p na b. Treya za mayai ukutani ni pambo tu, hazizuii honi za matatu; blanketi nzito hupunguza mwangwi vizuri zaidi. Stima nayo ikipotea, kazi isiyohifadhiwa huenda nayo.

Mwisho sauti huchanganywa na kusawazishwa. Hubaki suala la umiliki: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mtunzi wa rekodi ni aliyefanya mipango ya kuirekodi, jambo linaloweza kuzua ubishi biti ikitolewa bure. Kwa hiyo mgao wa mapato huandikwa na kutiwa saini kabla maikrofoni haijawashwa.