Biashara Nzima Ndani ya Simu Moja

Kwenye kipindi tuliongea kuhusu ile kazi ambayo wengi wetu tuliozaliwa ughaibuni tumepewa bila barua ya ajira: kuwa fundi wa simu wa ukoo mzima. Mama anapiga, "Hebu niangalizie hii, inaniambia nenosiri si sahihi." Mjomba anatuma picha ya kioo kilichopasuka, anataka ushauri saa sita usiku. Tunacheka, lakini mara nyingi nyuma ya simu hiyo kuna duka, na nyuma ya duka kuna ada za shule, kodi ya nyumba na dawa za bibi. Leo nataka tuongee makosa ya teknolojia yanayoliza maduka hayo, na nitayaeleza kutoka mahali ninapopafahamu: Yide Lu, Guangzhou.

Mimi nimezaliwa Leicester. Kiswahili nilikipata jikoni kwa mama, Kichina nilikuja kukisomea Guangzhou. Shangazi yangu ana duka la jumla Kariakoo, anauza midoli na vifaa vya shule, na kila akija China kununua mzigo mimi ndiye mkalimani wake. Akija na wenzake, nakuwa mkalimani wa wote. Kwa hiyo mengi ya hapa nimeyaona nikiwa nimesimama katikati, huku nasikiliza Kiswahili, kule natoa Kichina.

Kwa asiyepajua: "lu" maana yake barabara. Yide Lu iko wilaya ya Yuexiu, kwenye mji wa zamani karibu na Mto Zhujiang, na metro ya laini namba 6 inakushusha hapo hapo. Sehemu moja inanukia samaki mkavu, kamba na uyoga. Ukisogea kidogo ni midoli, kalamu, mabegi, mapambo ya sherehe, ghorofa juu ya ghorofa. Nyuma yake kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, lililojengwa kati ya 1863 na 1888. Wafanyabiashara wengi kutoka Afrika wanalala mtaa wa Xiaobei, asubuhi wanashuka Yide Lu kutafuta bei.

Vibanda vingi ni vidogo na vinaonyesha sampuli tu. Mzigo wenyewe uko stoo au kiwandani. Unachagua sampuli, unaandikiwa oda, unatoa kianzio, yaani pesa ya kutanguliza. Baada ya wiki kadhaa mzigo unapelekwa kwa ajenti wa konteina na wewe unamalizia salio. Sasa, kati ya kianzio na salio, mnunuzi ameshapanda ndege kurudi Dar au Mombasa. Kuanzia hapo biashara yote inapita kwenye simu, na ndipo makosa yanapoanzia.

Kosa la kwanza: simu moja kubeba kila kitu

Ukiwa China na intaneti ya kawaida, WhatsApp haifunguki, Google haifunguki, Gmail haifunguki. Kila mtu yuko WeChat, programu iliyoanza 2011, na waliyoitengeneza, watu wa kampuni ya Tencent, walikuwa hapo hapo Guangzhou. Basi mfanyabiashara wetu anaweka WeChat, na ndani yake anatia kila kitu: picha za sampuli, bei, ahadi, risiti, majina ya wauzaji.

Ambacho wengi hawajui ni kwamba mazungumzo ya WeChat yanakaa ndani ya simu yenyewe. Ukiingia na simu mpya, orodha ya marafiki inarudi, lakini mazungumzo ya zamani hayaji, labda uwe umeyahamisha mwenyewe au ulishayawekea nakala kabla. Na hata huko kuingia kuna kazi. Inaweza kukudai uthibitisho kwenye namba uliyojiandikishia, au marafiki wakuthibitishie. Kama namba ile ni laini ya China uliyonunua safari ya mwaka juzi na hukuiwekea pesa tena, imeshakatwa. Baadaye inaweza hata kupewa mtu mwingine.

Mama mmoja wa Kariakoo, rafiki wa shangazi, simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji hotelini. Alikuwa na oda kwa wauzaji tisa. Tulizunguka Yide Lu siku mbili nzima kuwatafuta, maana hata kwenye kumbukumbu zake wauzaji walikuwa wanaitwa "Mwenye Miwani", "Dada wa Lifti" na "Baba Kalamu". Sasa wewe nenda kwenye jengo la ghorofa kadhaa ukaulize yuko wapi Baba Kalamu.

Dawa yake haina gharama. Kila muuzaji, piga picha kadi yake ya biashara upande wa Kichina, kisha andika jengo, ghorofa na namba ya kibanda. Kila jioni piga picha risiti zote za siku hiyo na uzitume kwa watu wawili walio mbali na wewe. Shangazi ana daftari la kaunta la kawaida kabisa, na kila ukurasa ukijaa anatuma picha kwangu na kwa binti yake. Maana hata karatasi peke yake haitoshi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kwenye moto kama ule daftari linaondoka pamoja na bidhaa.

Kosa la pili: kuamini ujumbe wa "akaunti imebadilika"

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa hiyo tulia nalo.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, mama wa watoto wanne, aliacha kianzio cha asilimia 30 kwenye kibanda kimoja, akarudi nyumbani. Wiki ya tano akapata ujumbe. Picha ni ya muuzaji wake, jina ni la muuzaji wake, namba ya oda ni yenyewe. Ujumbe unasema: akaunti yetu ya benki inakaguliwa, tafadhali salio litumwe kwenye akaunti hii nyingine, na leo hii, la sivyo mzigo utakosa konteina. Akatuma yuan 46,000.

Mzigo haukutoka. Akapanda ndege kuja mwenyewe, na mimi nikaitwa kutafsiri ugomvi. Nilikwenda pale nikijua nakwenda kukutana na mwizi. Kumbe muuzaji akatoa simu yake, akaweka mezani, akafungua mazungumzo yao. Ujumbe ule haukuwepo. Ulikuwa umetoka kwenye akaunti nyingine kabisa, iliyobandikwa picha yake na jina lake. Tukarudi nyuma kuangalia: picha ya oda, yenye jina la duka, namba na kiasi, yule mama alikuwa ameiweka kwenye kundi la wanunuzi lenye watu zaidi ya mia tatu, akiuliza kama bei ni nzuri. Yeyote kati yao angeweza kuitumia.

Kwa hiyo pale kibandani palikuwa na watu wawili wakweli na pesa iliyoibwa na mtu wa tatu. Yule mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akasema, "Sasa wanangu nitawaambia nini?" Muuzaji akaniuliza amesema nini. Sentensi ile sikuitafsiri.

Kinga yake ni hii. Siku ya kutoa kianzio, namba ya akaunti iandikwe kwenye oda yenyewe na ipigwe muhuri wa duka. Ikibadilika baadaye, usijibu ujumbe. Piga simu ya sauti au ya video kwa namba iliyo kwenye kadi uliyopewa mkononi, au tuma mtu aende kibandani. Akaunti ikiwa mpya, tanguliza kiasi kidogo na usubiri muuzaji akuthibitishie kwa mdomo kwamba amekipata. Picha za oda na risiti zisiwekwe kwenye makundi. Na ukiona neno "haraka" limekaa karibu na neno "akaunti mpya", hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Hata ile karatasi ya msimbo wa QR pale kaunta ina mambo yake. Imewahi kuripotiwa huku Guangdong kwamba wezi wanabandika msimbo wao juu ya ule wa duka. Ukishaskani, kabla hujabonyeza kulipa, soma jina lililotokea na umuonyeshe muuzaji. Kama nyumbani una duka lenye namba ya malipo ya simu ukutani, nawe kagua kila asubuhi kama bado ni yako.

Kosa la tatu: kumwachia mkalimani wa simu hesabu

Programu za tafsiri ni nzuri, hata mimi nazitumia. Lakini kuna mambo matatu yanayozichanganya, na yote ni ya kwetu au ya kwao, ndiyo maana hakuna anayeyategemea.

La kwanza ni saa. Mzee mmoja alimwandikia dereva wa mzigo "njoo saa nane mchana". Programu ikatoa namba nane, dereva akafika saa mbili asubuhi, akakuta stoo imefungwa, akaondoka. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi jua linapotoka, mashine haina habari hiyo. Andika 14:00, basi.

La pili ni namba kubwa. Sisi tuna laki, yaani 100,000. Wachina wana "wan", yaani 10,000. Mtu akisema kwa mdomo, sifuri moja inapotea njiani kirahisi sana. Yide Lu kila kibanda kina kikokotoo, na kuna sababu. Kiasi kionekane kwa tarakimu na pande zote mbili zikitazame.

La tatu ni neno "jian". Kwenye nguo linaweza kumaanisha kipande kimoja. Kwenye mzigo wa jumla linaweza kumaanisha katoni nzima. Ukikubali "jian 20", umekubali nini? Usiandike neno, andika hesabu: katoni 20, kila katoni vipande 144, jumla vipande 2,880, bei kwa kipande, kisha bei ya jumla. Hesabu ikifunga, lugha haina pa kuteleza.

Kosa la nne: mtoto wa ughaibuni kugeuka kuwa mlango

Hapa sasa nawageukia nyinyi. Binamu yangu wa Toronto ana moyo mzuri. Alimfungulia mama yake ukurasa wa duka, barua pepe na programu ya stoo ya kulipia kila mwezi. Vyote kwa namba yake ya Canada, kadi yake ya benki, Kiingereza kitupu. Kadi ikaisha muda, programu ikafunga. Mama anataka kuingia, msimbo wa uthibitisho unakwenda Toronto, ambako ni usiku wa manane na mtu amelala. Kijana wa kaunta, ambaye hakuwahi kuulizwa anachohitaji, alikuwa amesharudi kwenye daftari zamani. Duka likawa na hesabu mbili zisizofanana.

Kabla ya kuleta kifaa kipya, muulize anayesimama dukani: umeme ukikatika unafanyaje? Intaneti ikiwa nzito je? Nani anaandika mauzo, na kwa lugha gani? Pengine anachohitaji ni jedwali moja tu kwenye simu aliyonayo. Akaunti iwe ya duka, namba ya kuirejesha iwe ya mama, na ya pili iwe ya mtu aliye karibu naye. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha na kufungiwa pamoja na leseni ya biashara. Na kila mtu dukani ajue sheria moja: ule msimbo unaokuja kwa ujumbe haupewi mtu, hata akijitambulisha kuwa ni benki, hata akijitambulisha kuwa ni wewe.

Ukiyaangalia makosa yote manne utaona yanafanana. Biashara imewekwa mahali pamoja, simu moja, ujumbe mmoja, neno moja, mtoto mmoja, na hakuna shahidi wa pili. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo linaweza kuwa picha, jedwali au bahasha, ila sharti ni lile lile: mtu mwingine aweze kulisoma wewe ukiwa haupo.

Kwa hiyo wiki hii ukiongea na nyumbani, baada ya salamu, uliza maswali matatu. Simu yako ikipotea leo, utawapataje wauzaji wako? Nani mwingine anaweza kuingia kwenye akaunti ya duka? Ukipata ujumbe wa akaunti mpya ya benki, utampigia nani, kwa namba ipi? Akisita kwenye hilo la tatu, usimcheke. Mwambie achukue kalamu, na ubaki naye kwenye simu mpaka namba iwe imeandikwa.