Sura ya 7: Deni la Anayefunga Mlango

Mama mmoja wa Mombasa aliniletea paka dume ndani ya kapu la sokoni, amemfunika kanga. Paka alikuwa ameanguka kutoka dirisha la gorofa ya nne akimrukia njiwa. Taya lilikuwa limepasuka katikati, mguu wa mbele umevimba, pumzi zinakwenda mbiombio. Tulipomaliza kulifunga taya na kumchoma sindano ya maumivu, nilimwambia mwenyewe aweke wavu madirishani, na paka asitoke tena. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Lakini daktari, kumfungia kiumbe ndani maisha yake yote, si dhambi hiyo?"

Nilijua swali linatoka wapi. Pwani nzima, mtoto aliyepita chuoni amesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Hadithi hiyo ya Mtume imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Wengi wetu tumebaki na kipande kimoja tu, kwamba alimfungia. Masimulizi yenyewe yanataja mambo mawili yaliyoshikana: alipomfungia hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wapo wanazuoni waliotoa humo hukumu kwamba kumweka paka, hata kwa kumfunga, kunafaa maadamu hapungukiwi na chakula wala maji. Kosa la yule mwanamke lilikuwa kuziba njia moja bila kufungua nyingine.

Mimi ni daktari wa mifugo, si mwanazuoni. Lakini miaka yote niliyotibu paka sijapata kipimo bora kuliko hicho. Anayefunga mlango amejitwika kila kitu ambacho paka alikuwa akikipata upande wa pili wa mlango. Kwa hiyo kabla ya kujibu kama paka akae ndani au atoke, inabidi tujue nje alikuwa akipata nini.

Waswahili husema paka wa nyumba haingwa. Ni kweli, ila kwa maelfu ya miaka nyumba hiyo haikuwa na mlango wa kumzuia. Paka hakukamatwa porini akafugwa kama punda. Alikuja mwenyewe, akifuata panya waliokuja kufuata nafaka. Kisiwani Saiprasi lilifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka ubavuni mwake, la miaka kama 9,500 iliyopita, na paka si mnyama wa asili wa kisiwa hicho. Mtu alimvusha bahari. Babu yake, kimburu wa Afrika, yupo hadi leo katika nyika zetu, na ukimwona usiku kwa taa ya gari utadhani ni paka wa jirani aliyerefuka miguu. Wote wawili wana mwili uleule: meno ya mla nyama, macho ya machweo na alfajiri, tumbo dogo linalotaka vijilo vingi vya kiasi cha panya mmoja mmoja, na hamu ya kuwinda ambayo haizimwi na shibe.

Maisha ya kukaa ndani usiku na mchana ni jambo la juzi kabisa. Mwaka 1947, huko Michigan nchini Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo wa kufyonza maji autumie badala ya jivu kwenye sanduku la choo cha paka. Udongo ule haukunuka, haukuchafua nyayo, na biashara kubwa ikazaliwa. Kabla ya hapo paka wengi walitoka kujisaidia, na waliotoka waliwinda. Tangu 1947 haijatimia hata karne moja. Mazoea ya mataifa nayo yamegawanyika: Uingereza paka wengi hutoka, na mtu anayemfungia ndani huulizwa sababu, Marekani vituo vingi vya kutoa paka humtaka anayemchukua aahidi kwamba hatamtoa nje.

Sasa nje yenyewe. Wanaokuja kwangu na majeraha ya nje nawagawa kwa saa. Asubuhi wanaletwa waliopigana usiku: madume wasiohasiwa, shavu limefura usaha, sikio limepasuka. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Hupeleka uchafu ndani na ngozi hufunga juu yake, kwa hiyo jipu huonekana siku ya tatu au ya nne. Kung'atana huko ndiko kunakoambukiza virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, maradhi yasiyompata binadamu lakini yasiyo na dawa ya kuyaondoa. Jioni wanaletwa waliogongwa na bodaboda. Na wakati wowote wanaletwa wenye sumu, hasa mtaa ukiwa umetegewa dawa ya panya: paka hakula chambo, alikula panya aliyekula chambo. Juu ya hayo kuna kichaa cha mbwa. Huku kwetu kinasambazwa zaidi na mbwa, lakini paka aliyeng'atwa hukipata na huweza kumpa mtu, na dalili zikishaanza hatuna la kufanya. Paka anayetoka bila chanjo ya kichaa hicho simwelewi mwenyewe wake, na nasema hivi nikiwa na heshima zote.

Halafu mimba. Paka jike huweza kupata joto akiwa na miezi minne au mitano, hubeba mimba siku kama 63, na hurudi kwenye joto hata kabla ya kuachisha. Watoto wanaotupwa sokoni ndani ya maboksi wana mama aliyekuwa na nyumba, na mama huyo alifunguliwa mlango kabla ya kufungwa kizazi.

Hayo ni ya kumpata paka. Yapo pia anayoyafanya yeye huko nje, na hapa wapenda paka wengi hawataki kusikia. Kisiwa cha Stephens, New Zealand, kilikuwa na ndege mdogo asiyeruka aliyekimbia ardhini kama panya. Mwaka 1894 mnara wa taa ulianza kazi na watu wakahamia na paka. Muda mfupi baadaye ndege yule alikuwa ametoweka duniani. Husimuliwa kwamba paka mmoja wa mlinzi wa mnara ndiye aliyewamaliza wote. Waliochunguza upya wanaona walikuwa paka kadhaa walioingia porini na kuzaliana. Kwangu hiyo ndiyo sura mbaya zaidi, kwa sababu inaweza kurudiwa popote. Marekani, wachunguzi waliokadiria mwaka 2013 walisema paka huua ndege bilioni 1.3 hadi 4 kila mwaka, sehemu kubwa ikiwa kazi ya paka wasio na mwenyewe.

"Wangu hawindi," huambiwa kila wiki. Katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, paka 55 walivalishwa kamera ndogo shingoni. Kama 44 katika kila 100 walionekana wakiwinda, na katika kila mawindo manne waliyoua ni pungufu ya moja lililoletwa nyumbani. Mengine waliyaacha palepale au wakayala. Unachokiona kwenye mkeka wa mlangoni ni robo ya hesabu. Wala tusijifariji kwamba anatumalizia panya. Brooklyn, New York, kwenye ghala la taka lililojaa panya wakubwa, kamera zilirekodi siku 79 na paka walionekana wakiua panya wawili tu. Panya buku hupigana. Mjusi, chozi na kinda la shomoro hawapigani.

Kwa sababu hiyo siwezi kutoa hukumu moja kwa kila mji. Walldorf, kusini mwa Ujerumani, mwaka 2022 iliamuru paka wa upande mmoja wa mji wafungiwe hadi mwisho wa Agosti, kwa ajili ya kipozamataza mwenye kishungi ambaye hutaga chini na alikuwa amebaki jozi chache sana. Faini ilikuwa yuro 500, na kama kipozamataza ameuawa, hadi 50,000. Watu walikasirika. Mimi naona mji ulifanya sawa, na nadhani Watamu na Gede tungefaa kuwaza vivyo hivyo. Pale kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita za mraba 420, wenye sange wa kiuno cha manjano aliye hatarini kutoweka, mnyama wa kimo kinachomfaa paka kabisa. Msitu huohuo umeipa dunia aina ya paka: mwaka 1978 karibu na Watamu walipatikana watoto wa paka wenye manyoya ya mfano wa gome la mti, ambao Wagiriama wanawajua kwa jina la khadzonzo, na leo wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita Sokoke. Anayejenga nyumba ukingoni mwa msitu kama ule amfungie paka wake.

Lamu ni mambo mengine. Mji wa kale hauna magari ya kupita vichochoroni. Kuna punda, mabaraza, na mabaki ya samaki. Paka wa pale ni wa mtaa kabla ya kuwa wa mtu. Kuwafungia hao ndani ya nyumba ni kuwatesa, na haitawezekana. Kinachowafaa ni kuhasiwa na kuchanjwa, kisha kurudishwa kwenye baraza lao. Na paka aliyezoea ua wenye kuta, mtaa wa utulivu, naona atoke mchana na alale ndani. Usiku ndio wa magomvi na magari yasiyomwona, na alfajiri ndiyo saa ya ndege.

Tubaki na wa gorofani. Kwa huyo jibu langu ni ndani, moja kwa moja. New York mwaka 1987 madaktari waliandika habari za paka 132 walioanguka kutoka majumba marefu na kufikishwa hospitali. Tisa katika kila kumi walipona. Watu huitaja takwimu hiyo kama sifa ya paka. Lakini waliokufa barabarani hawakuletwa hospitali, na miongoni mwa waliopona walikuwapo waliovunjika mataya na miguu kama huyu wa kapuni.

Basi tulihesabu deni, mimi na yule mama, kwenye karatasi ya dawa. La kwanza lilimshangaza: chakula. Paka wake alikuwa akila wali na maziwa, mara mojamoja kichwa cha samaki, na miaka mitatu alikuwa na afya. Alikuwa na afya kwa sababu alikuwa akitoka. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Anaitoa kwenye nyama, na akiikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Taurini yake ilikuwa inatembea ukutani: mijusi, panya wadogo, panzi. Ukimfungia ukabaki na walewale wali na maziwa, umerudi kwa mwanamke wa hadithi, tena ukiwa na bakuli lililojaa. Nilimwandikia dagaa, moyo wa ng'ombe au wa kuku, ini kidogo tu, au chakula cha paka cha dukani kama mfuko unaruhusu.

La pili ni maji na mkojo. Dume aliyehasiwa, mnene, asiyetembea, huziba njia ya mkojo kwa urahisi. Ukimwona anakwenda chooni mara kwa mara, anajikamua, hatoki kitu, usingoje kesho. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Bakuli la maji liwe mbali na chakula na mbali na choo, na chakula kiwe na majimaji.

Choo chenyewe kiwe beseni pana lenye mchanga mkavu, moja zaidi ya idadi ya paka, na kisafishwe kila siku. Hilo la kila siku lina sababu yake. Paka mwenye ugonjwa wa toksoplazma hutoa vijidudu kwenye kinyesi kwa wiki chache baada ya kuambukizwa, na vijidudu hivyo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Kinyesi kilichotolewa asubuhi kwa asubuhi hakijafikia hapo. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Paka asitupwe kwa ajili ya mimba.

Na mwisho, windo. Chuo Kikuu cha Exeter kilichapisha mwaka 2021 majaribio kwa paka wanaotoka: waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta windo pungufu kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kwa siku, pungufu kwa asilimia 25. Kengele shingoni haikusaidia. Kwa hiyo njaa ya kuwinda inalipika kwa sehemu, kwa unyoya wa kuku uliofungwa kwenye uzi, ukaburutwa sakafuni kama kitu kinachokimbia, na mwisho aachiwe aukamate. Nilimwambia pia ampe mahali pa juu pa kukaa, rafu au kichwa cha kabati, na gogo la mkoko lililozungushiwa kamba ya usumba la kunolea kucha. Wavu wa kuku, wa matundu madogo, ukapigiliwa dirishani, kuanzia chini hadi juu. Wavu wa mbu hauzuii paka kitu.

Alibaki na swali moja: atalia. Atalia, hasa alfajiri, kwa wiki moja au mbili. Mchezeshe baada ya magharibi, mlishe chakula chake kikubwa usiku, na asubuhi usiinuke kwa sauti yake. Ukimfungulia siku ya tano kwa huruma, umemfundisha kwamba mlango hufunguliwa kwa siku tano za kilio, na safari ijayo ataanza na tano. Wa yule mama alilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alilala juu ya kabati hadi jua lilipotoka, na njiwa wakitembea kwenye bati la jirani, upande wa pili wa wavu.