Siku ya Tatu Nilipewa Jembe

Wadogo zangu, sogeeni niwaeleze habari ya wiki moja ya Desemba 2002. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitupandisha basi la alfajiri pale Ubungo, Dar es Salaam, mimi na mama na kaka yangu, twende kwao Maposeni tukale Krismasi.

Ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Tulipita Morogoro, tukakatisha mbuga ya Mikumi ambako twiga wawili walitutazama kama vile sisi ndio tuliofungiwa, tukapanda kona za Kitonga, tukapita Makambako na Njombe, tukateremka Lukumburu huku mama amefumba macho. Songea mjini tulifika usiku, tukalala kwa baba mkubwa. Asubuhi ya tarehe 24 tukapanda nyuma ya pikapu, tukashika njia ya Mbinga hadi upande wa Peramiho. Maposeni ni jirani na Peramiho. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo mwekundu ulinuka vizuri. Harufu ile mpaka leo nikiisikia namkumbuka bibi.

Bibi alitoka jikoni anakimbia, unga bado mikononi, anapiga vigelegele. Alimkumbatia baba, akamkumbatia mama, halafu akasimama mbele yangu akajishika kiuno.

"Ndiyo huyu mke mwenzangu? Umekuja kuninyang'anya mume wangu, eti?"

Nilijificha nyuma ya mama. Watu wakacheka. Babu naye kutoka kwenye kigoda chake akaitikia kwamba amechoka na bibi kizee, leo amepata mchumba kutoka Dar es Salaam. Sikujua nifanye nini. Nyumbani kwetu mtu mzima akisema jambo, unaitikia na kutii. Kumbe babu, bibi na wajukuu ni watani. Baba na mama ndio wenye kazi ya kukukanya na kukuadhibu, ndiyo maana kwao unatembea kwa adabu. Bibi hana kazi hiyo. Anaweza kukutania mbele ya watu na wewe ukamrudishia, mradi shikamoo imetangulia. Siku ya pili nilipata ujasiri, nikamwambia, "Mume mwenyewe hana meno, baki naye." Alicheka mpaka akakaa chini.

Uani walikuwapo watu wasiopungua ishirini. Baba akaanza kunitambulisha. "Huyu baba yako mdogo. Huyu naye baba yako mdogo. Huyu mama yako mkubwa, mke wa baba mkubwa uliyelala kwake jana." Nikahesabu kwa vidole: nilikuwa na baba wanne! Ninyi labda mmezoea kusema "anko" kwa kila mwanamume na "anti" kwa kila mwanamke. Mnakosa mengi. Kaka wa baba ni baba: akimzidi baba umri ni baba mkubwa, akiwa chini yake ni baba mdogo, na watoto wake si binamu zako, ni kaka na dada zako kabisa. Dada wa mama naye ni mama. Mjomba ni kaka wa mama. Na dada wa baba ni shangazi, ambaye wazee humwita baba wa kike, kwa kuwa neno lake nyumbani kwa kaka yake ni zito. Shangazi yangu aliolewa Mbinga, kwa Wamatengo. Alikuja na watoto watatu, kahawa ya kukaanga ndani ya kopo, na samaki wakavu wa Ziwa Nyasa waliofungwa kwenye gazeti. Alipoingia tu akauliza kwa nini kuni zimeachwa zinalowa. Kuni zikahamishwa.

Siku mbili za kwanza sikuruhusiwa kugusa kitu. Nikichukua ndoo niende bombani, dada mmoja ananipokea: "Wewe mgeni, kaa." Nikishika ufagio, nanyang'anywa. Maji ya kuoga nilichotewa, tena ya moto. Kuku alipochinjwa, firigisi aliwekewa babu, kama ilivyo desturi, lakini babu aliikata katikati akaniita na kunipa nusu. Kaka zangu wakubwa wakatazamana.

Usiku wasichana tulilala sebuleni, tisa kwenye mikeka miwili, meza na viti vimesukumwa ukutani. Bibi mwenyewe ndiye aliyepanga: wadogo katikati, wakubwa pembeni, na yule mkubwa kuliko wote karibu na mlango, kwa sababu usiku kuna ubaridi na upepo hupenya chini ya mlango. Blanketi nne zililazwa kwa upana. Ukijigeuza, mstari mzima unajigeuza. Bibi akija kuzima koroboi alikuwa akitugusa vichwa mmoja mmoja kwa kidole, anahesabu kimoyomoyo. Siku moja mmoja wetu alikuwa ametoka nje, na bibi hakuzima mpaka akarudi.

Mkesha wa Krismasi tulikwenda Peramiho kwa miguu. Wamisionari Wabenedikto wapo pale tangu 1898, na kwa watu wa vijiji vya jirani sikukuu ni kusikia kengele ya kanisa lao. Tulitembea kwa mstari gizani, viatu mkononi, tochi moja mbele na moja nyuma. Tulipofika, mama alitoa chupa ya maji, kila mtoto akanawishwa miguu, ndipo tukavaa viatu tukaingia kanisani tunang'aa. Krismasi yenyewe mnaijua: nguo mpya, wali, nyama ya nguruwe, watoto kuumwa matumbo jioni. Sitakaa hapo.

Nataka kukaa kwenye tarehe 26.

Jogoo aliwika bado giza. Nikasikia mtu ananitikisa mguu: shangazi. Nje, majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamepangwa kwa urefu wa mipini kama wanafunzi mstarini. La mwisho lilikuwa dogo, bamba lake limelika kwa miaka mingi hadi kubaki kama kiganja, lakini mpini ni mpya, mweupe. Bibi akaliokota akanipa. "Mgeni siku mbili," akasema. Methali ile nilikuwa nimefundishwa shuleni, kwa hiyo moyoni nikaimalizia mwenyewe: siku ya tatu mpe jembe. Na shuleni tulielezwa kuwa maana yake ni kwamba mgeni akikaa sana huchosha, afukuzwe kwa adabu. Machozi yakanilenga. Nilidhani bibi amenichoka.

Babu aliona. Akachukua lile jembe, akalisimamisha ubavuni pangu, mpini ukafika kifuani. "Jana wakati mnacheza nilikaa pale nyuma nikauchonga huu," akasema. "Nimeukwangua kwa kipande cha chupa usikuchome mkono. Nimeukata kwa kimo chako. Pitisha mkono uone. Mtu ninayetaka aondoke ningemchongea mpini?"

Nilipitisha mkono. Ulikuwa laini kama ubao wa meza, na pale karibu na bamba, ambapo mkono wa kushoto hushika, alikuwa ameutia kijibonde kidogo cha kutosha vidole vyangu.

Tangu siku ile methali hiyo siielezi kama nilivyoelezwa shuleni. Siku mbili wanakulisha na kukutazama. Siku ya tatu wanakupa nafasi kwenye mstari.

Na mstari ulikuwapo kweli. Kule Songea mvua kubwa huanza mwishoni mwa Novemba hivi, na mahindi hupandwa mara moja. Ikifika Krismasi yamefika magotini kwa mtoto, na majani nayo yameota kwa fujo. Palizi haingoji sikukuu iishe. Kila mtu alipewa tuta lake, wakubwa kwa wadogo. Watu wazima wanalima, watoto wadogo wanafuata nyuma na mbolea ya kukuzia kwenye bakuli. Kipimo ni kisoda, kile kizibo cha chupa ya soda: kisoda kimoja kwa shina moja, unakimwaga mbali kidogo na shina, halafu unafukia. Ukiiweka mbolea ikagusa mmea, inauunguza. Kaka yangu wa miaka sita alifanya kazi ile kwa makini kuliko alivyowahi kuandika jina lake.

Mimi nilipewa kupalilia. Nusu saa ya kwanza nilijiona hodari. Kisha nikatazama nyuma nikaona mashina matatu ya mahindi yamelala, nimeyakata pamoja na majani. Nikayaokota haraka nikayafukia chini ya rundo la majani, nikaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Bibi alikuwa akipita. Alisimama pale palipokosekana shina, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mhindi hauoti ovyo," alisema. "Umepandwa kwa kamba. Ukiona pengo, ujue palikuwa na mtu." Hakunikemea. Alichuchumaa akanivuta nichuchumae, akanionyesha jani la mhindi, pana, lina mshipa mweupe katikati, na jani la nyasi, jembamba, gumu. Akanifundisha kushika shina kwa mkono mmoja ndipo nipitishe jembe. Halafu akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, pale wanawake wanapofunga hela, akatoa maharage. Tisa. Akaniambia kurudishia mahindi sasa tumechelewa, yatafunikwa na wenzake, lakini harage litapata jua la kutosha. Nikafukia matatu kila pengo.

Tulipopumzika chini ya mti, binamu yangu wa Mbinga alicheka matuta yetu. Kwao, alisema, shamba limejaa mashimo. Nilidhani ananidanganya, lakini ni kweli: Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali, kwa hiyo hufyeka nyasi, huzilaza kwa miraba, huzifukia kwa udongo unaochimbwa katikati, na kila mraba ukabaki na shimo lake. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa zinaoza zikawa mbolea. Wanaita ngoro. Wamelima hivyo tangu zamani sana.

Kaka mmoja mkubwa, aliyekuwa na malengelenge, akauliza kwa nini babu asilipe vibarua. Babu hakujibu upesi. Alitupa kijiti alichokuwa akitafuna, akatuuliza kama tunajua tuko wapi. Tukasema Maposeni. Akatuambia kuwa hapa ndipo yalipokuwa makao ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, na kwamba neno "nkosi" Wangoni walikuja nalo kutoka kusini kabisa mwa Afrika, ambako Wazulu hadi leo humwita mtawala hivyohivyo. Chini ya kiongozi wao Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaendelea kaskazini, na vizazi vyao vikafika huku. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, Wangoni waliingia. Wajerumani walimkamata Nkosi Mputa, wakamnyonga Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wenzake wengi. Hayo wengine mmeyasoma, na mkifika Songea mtaliona jumba la makumbusho ya Majimaji na kaburi la mashujaa wale.

Babu hakuishia hapo. Alisema mama yake, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa umri wangu, hakuwa akizungumzia kunyongwa. Alikuwa akizungumzia vihenge. Wajerumani walichoma vihenge vya nafaka, wakachoma mashamba, wakawazuia watu kulima, kwa sababu walijua njaa itawashinda wale ambao risasi haikuwashinda. Mama yake babu alizika wadogo zake wawili ambao hawakupigwa na mtu yeyote. Walikosa chakula tu. "Basi," akasema babu, akasimama, "nikiona watoto wote wa nyumba hii wako shambani kwa pamoja, usingizi wangu unakuwa mzuri."

Yule mwenye malengelenge alikuwa wa kwanza kushika jembe.

Siku zilizobaki zilikwenda mbio. Alasiri mvua ikikata tulikwenda porini kuokota masuku. Sikilizeni, suku halitunguliwi. Unasubiri lidondoke lenyewe, unalipasua ganda kwa meno, unafyonza nyama yake ya njano, tamu kama asali, unatema kokwa. Shangazi na mama waligombana kidogo kuhusu chumvi ya mboga, wakapatana kabla ugali haujaiva. Mikono yangu iliota malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Na mahali fulani kati ya siku ya nne na ya tano niligundua kuwa naamka, nachukua ndoo, nakwenda bombani, na hakuna aliyenizuia.

Siku ya kuondoka walitusindikiza wote hadi barabarani. Babu alikuwa amechomeka kijiti mwisho wa tuta langu na kukifunga utepe wa nywele zangu. Lile jembe dogo nililiona limerudishwa ukutani, pamoja na mengine, mahali pake.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata tulikwenda Ubungo kupokea mzigo. Konda alishusha kiroba cha mahindi yaliyopukuchuliwa, kimeshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Baba alipokifungua nyumbani, juu kabisa kulikuwa na kifurushi kimefungwa kwa kipande cha kanga ya bibi, kile chenye maua ya zambarau. Ndani mlikuwa na maharage, kama kikombe kimoja hivi. Mama aliyapika usiku uleule na sote tukala. Tisa niliyachukua kabla hayajaingia chunguni, nikayaweka kwenye kopo la penseli, nirudi nayo Desemba.